Nyumba ya Karibu na Kengele

Zuleikha binti Abdulhakim alikuwa fundi wa sare za shule, na alikuwa na msemo wake: ukitaka kuijua shule, usimuulize mwalimu mkuu, mpime mwanafunzi wake kiuno. Watu walicheka wakidhani ni maskhara ya mafundi. Hayakuwa maskhara. Kila Januari, kibaraza cha nyumba aliyopanga mtaa wa Shela, Malindi, kilijaa watoto wa shule kumi au kumi na mbili tofauti, na yeye huku ana futi mikononi, huku ana pini mdomoni. Mkono wa tatu wa kuandikia hakuwa nao. Basi mtoto mwenyewe ndiye aliyesoma namba kwenye futi, akaiandika daftarini pamoja na jina lake: kifua, kiuno, urefu wa sketi. Kwa miaka tisa daftari lile lilimfundisha mambo ambayo hayakuwamo katika tangazo la shule yoyote.

Mwaka huo mambo hayo yalimgeukia yeye mwenyewe. Mwenye nyumba alitaka kubomoa ajenge maduka, akawapa hadi Desemba wawe wameshahama. Mungu naye alikuwa ameshawatangulia. Jaafar, mumewe, alikuwa amepata fungu lake la urithi wa shamba la minazi la marehemu baba yake huko visiwani, na juu yake walikuwa na akiba waliyoiweka tangu waoane. Wangeweza kununua nyumba. Lakini ni moja tu, na wakikosea ndiyo imetoka hiyo, kwani nyumba si kanga kwamba ikichuja rangi utaivalia jikoni.

Na walikuwa na binti mmoja, Tasneem, wa miaka saba, gredi ya pili, mwenye maswali mengi kuliko pumzi.

Jaafar alikuwa fundi wa friji za hoteli na za maduka ya samaki, na moyo wake ulikuwa umeshatua. Kulikuwa na mtaa mpya uliojengwa nyuma ya akademi moja yenye sifa mjini. Dalali aitwaye Sanga aliwapeleka wakaione nyumba ya huko.

"Ni vyumba viwili," alisema Sanga. "Dari mtaweka wenyewe, na maji kwa sasa huletwa kwa mkokoteni. Lakini hebu ngojeni." Akainua kidole. Ng'ambo ya ukuta kengele ya shule ikalia, ikafuatwa na vishindo vya watoto. "Mwasikia? Hapa, bwana, hununui nyumba. Wanunua kengele."

Jaafar alicheka kwa furaha. Zuleikha alisimama katika chumba cha pili, akafungua dirisha, akakuta ukuta wa shule uko karibu kiasi cha kuugusa. Bei aliyotajiwa ingemaliza urithi na akiba, na karo ya shule hiyo bado haijaguswa.

Njiani kurudi Jaafar alizungumza bila kumtazama. "Mimi niliishia darasa la sita, Zuleikha. Shule iliyokuwapo ilikuwa mbali, na ukifika, mwalimu hayupo. Sitaki mwanangu aje aseme baba alipata pesa akanunulia chumba cha wageni."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na neno la kweli halijibiwi kwa haraka. Lakini Zuleikha alipofika nyumbani alilitoa daftari lake la vipimo akaketi nalo. Watoto wa akademi ile walikuwamo wengi. Viatu vyao vilikuwa safi na adabu zao njema, na wengine walijua kweli kweli. Lakini aliwakumbuka wale waliolishika futi wakamgeukia mama, na mama ndiye aliyeandika. Msichana mmoja wa gredi ya tano alilitazama futi kama mtu aonyeshwaye nyoka.

Kisha akaufikia ukurasa wa watoto wa Kache.

Kache alikuwa mkulima wa upande wa Gede, mahali paitwapo Kwa Ngumbao, aliyeleta mchicha na mihogo sokoni Malindi mara mbili kwa juma. Alipenda mshono wa Zuleikha kwa sababu haukufumuka. Wanawe watatu walikuwa wameandika vipimo vyao kwa hati iliyonyooka kama mistari ya kunde, na Zuleikha alikumbuka jinsi Mwaro, yule wa kati, wa miaka tisa, alivyoiacha kalamu akamwambia kwa heshima, "Mama, hapa kiuno changu kimezidi kifua. Labda futi limegeuka." Na futi kweli lilikuwa limegeuka. Zuleikha alitema pini ili apate kucheka. Alipomuuliza nani anamfundisha, mtoto alijibu, "Mwalimu Kahonzi," kana kwamba jina hilo halihitaji maelezo.

"Kesho naenda Gede," alimwambia mumewe.

"Gede kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

Shule ya Kwa Ngumbao ilikuwa ya serikali: madarasa manane ya mabati, ua wa michongoma, na rimu ya gurudumu iliyotundikwa kwa mnyororo ndiyo kengele. Mwalimu Kahonzi alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kukwaruza. Zuleikha alimwamkia, akajieleza, kisha akaomba kwanza aonyeshwe vyoo.

"Umebanwa?"

"La, mwalimu. Nataka kuviona tu."

Mwalimu Kahonzi alimtazama, akaangua kicheko. "Wazazi wote huanza na matokeo ya mtihani. Wewe waanzia chooni!"

"Matokeo huandikwa na watu, mwalimu. Choo hakijui kudanganya."

Vilikuwa vyoo vya shimo, na milango miwili ilikuwa imeng'oka bawaba. Lakini vilikuwa vimefagiliwa, na nje lilining'inia dumu la maji, na sabuni imefungwa ndani ya soksi ili isipotee. Darasa la Mwalimu Kahonzi, ambalo Tasneem angeingia mwaka uliofuata, lilikuwa na watoto sitini na wawili, watatu watatu kwenye dawati. Hilo lilimtisha Zuleikha, wala hakulificha.

"Ni wengi mno, mwalimu."

"Ni wengi mno," alikubali mwalimu. "Ukiona mahali wanapogawa walimu, uniambie."

Saa tisa na nusu rimu iligongwa, na hapo Zuleikha akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika shule yoyote. Watoto hawakutimka. Walijipanga mistari mitano mbele ya lango, na mwisho wa kila mstari alisimama mama mmoja ameshika kipande cha kadibodi kilichoandikwa sentensi. Kila mtoto alisoma sentensi yake kwa sauti, ndipo akatoka. Aliyekwama hakupigwa wala hakuchekwa, alisogea pembeni akasaidiwa na mwenziwe, akarudi, akasoma. Kache naye alikuwapo, kapu lake miguuni, ameshika kadibodi kifuani. Zuleikha alimpungia mkono, akidhani anamshikia mwalimu tu huku akiwasubiri wanawe.

Jioni ile ile Kache alimpeleka kuona nyumba ya Mzee Nzai, umbali wa dakika tano kutoka lango la shule. Mzee alikuwa anauza ahamie kwa wanawe. Ilikuwa na vyumba vitatu, kisima chenye maji matamu, na ukumbi wa mbele ambao cherehani ingekaa bila kumbughudhi mtu. Msikiti na chuo cha Kurani vilikuwa karibu. Bei yake ilikuwa nusu ya ile ya nyumba ya kengele.

Walibishana siku tatu.

"Mimi kazi yangu iko mjini," alisema Jaafar.

"Mafundi wangapi wa mjini wanalala Gede?"

"Na watu watasema tumempeleka mtoto porini."

"Watu hao ndio watakaomsomesha?"

"Zuleikha, madarasa ni ya mabati!"

"Nimeyaona. Nimeona na yaliyomo. Nenda uone na wewe, ukirudi ukisema hapana, tutanunua kengele, na sitalitaja tena."

Jaafar alikwenda siku ya Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu yake nyeupe, uso umekazwa. Alizungushwa na mwalimu, akasikiliza. Saa ya kutoka ilipofika alitaka kupita pembeni ya mistari atoke, akazuiwa na kitoto cha kike kisichofika kiunoni mwake.

"Baba, hujasoma."

"Mimi ni mgeni, mwanangu."

"Kanuni ni kanuni, baba. Hata mwalimu husoma."

Mstari mzima ukamgeukia. Jaafar, ambaye hufungua friji ya hoteli yenye nyaya mia bila kutetemeka, alihisi jasho shingoni. Alisoma kwa haraka ili yaishe.

"Umeruka neno," kile kitoto kikamwambia. "Si vibaya. Soma tena polepole."

Alisoma tena polepole, neno kwa neno, kama alivyosoma mara ya mwisho akiwa darasa la sita. Alipomaliza watoto walimpigia makofi matatu, kama walivyomfanyia kila aliyekwama kisha akaweza. Zuleikha, aliyekuja naye akabaki nje ya lango, aliona mumewe anageuza uso kuelekea michongoma na kujifuta kwa mkono wa kanzu. Alipomfikia hakusema lolote kuhusu mabati. Alisema tu, "Muulize mzee kama kisima kilishawahi kukauka."

Kisima hakikuwahi kukauka. Waliandikiana na Mzee Nzai mbele ya wakili, hati ikabadilishwa jina, na juma la pili la Desemba wakahamia Kwa Ngumbao. Zuleikha aliujaza ukumbi vitambaa vya sare, na Tasneem akapata kuku wa kuongea naye. Jaafar alikuwa anatoka alfajiri kwenda mjini, na jioni alirudi amechoka lakini anaimba.

Shule ikafunguliwa. Siku ya tatu Kache alikuja barazani, akakataa kuketi.

"Mama Tasneem, umesikia? Mwalimu Kahonzi amehamishwa. Barua ilimkuta likizoni. Ameshakwenda Magarini."

Zuleikha alikuwa anakata kitambaa, na mkasi ulisimama katikati. Usiku ule hakupata lepe la usingizi, na majuma yaliyofuata yalimwonyesha kwamba hakuogopa bure. Mahali pa Mwalimu Kahonzi aliletwa msichana mgeni kutoka Rabai, Mwalimu Janet, ndiyo kwanza ameajiriwa. Akina mama watano hawakuonekana tena langoni. Rimu ikigongwa, watoto walitoka kama maji yaliyopasua kingo. Madaftari ya Tasneem yalirudi nyumbani bila alama, siku tatu, siku nne, juma. Na yule mtoto wa maswali alianza kuwa kimya, jambo lililomuumiza Zuleikha kuliko madaftari.

Alingoja Jaafar aseme neno la lawama. Alikuwa na haki ya kulisema. Jaafar hakulisema. Jioni moja alimkuta ameketi na madaftari mapajani, akaketi kando yake.

"Mke wangu, sisi tulinunua nyumba," alisema. "Mwalimu hatukumnunua, na hakuwa wa kuuzwa. Sasa tufanyeje?"

Zuleikha alilia kidogo, kwa sababu ya ule wema. Kisha akasema, "Jumamosi nakwenda Magarini."

Alimkuta Mwalimu Kahonzi uani kwake, amekunja sketi, anapepeta kunde. Mwalimu alifurahi, akamwekea kigoda, lakini alipoyasikia yote aliweka ungo chini akatikisa kichwa.

"Kumbe ulidhani lile lango ni langu?"

"Si lako?"

"Langu ni zile sentensi. Lango ni la Kache."

Akamsimulia. Miaka sita nyuma, mwana mkubwa wa Kache alikuwa amefika darasa la nne bila kujua kusoma hata jina la kijiji chao, na mama hakujua, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga darasani. Aliona alama za vema daftarini akadhani mambo ni shwari. Siku alipojua, hakwenda kugombana na mtu. Alisimama langoni, akamkamata kila mtoto aliyepita akamwambia, "Nisomee chochote." Siku ya kwanza walimwona punguani. Siku ya pili walikuja akina mama wawili zaidi. Siku ya nne Mwalimu Kahonzi alitoka nje na kadibodi.

"Mimi niliwapangia mistari tu," alisema. "Shule ile waliishika wale wanawake, na wanawake wale hawakuhamishwa. Hao ndio jirani zako. Rudi ukawaulize wamepatwa na nini."

Zuleikha alirudi na safari nzima akili yake ilikuwa inajipanga upya. Alikuwa amepima viuno, amekagua vyoo, amehesabu watoto darasani, na asimwone mtu aliyekuwa anamkaribisha chai kila siku. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shambani kwa Kache.

"Kwa nini hukuniambia, Mama Mwaro?"

Kache aliendelea kupalilia kidogo kabla ya kujibu. "Nikwambie nini? Kwamba nilishika kadibodi miaka sita na sijui ilichosema?"

"Ulijuaje basi kama mtoto amekosea?"

"Mtoto akikosea macho yake hukimbia. Na mwenziwe wa nyuma hucheka." Akainuka, akanyoosha mgongo. "Mwalimu Kahonzi alikuwa ananijua. Huyu mpya amesoma, ni kijana. Siku ya kwanza tulikwenda na kadibodi zetu, akatuona, akageuka akarudi ndani. Tukasema hataki msaada wetu. Mtu hasimami mlangoni pa mtu asiyemtaka."

"Twende tukamuulize."

"Wewe nenda. Wewe unajua kuandika."

"Mimi najua kushona," alisema Zuleikha. "Twende sote."

Jumatatu, baada ya watoto kutawanyika, walibisha hodi darasani. Mwalimu Janet alikuwa peke yake, kichwa amekilaza juu ya mrundo wa madaftari. Aliinuka kwa hofu, akaamkia shikamoo mara mbili.

"Najua mmekuja kulalamika," alisema kabla hawajaketi. "Nilijua tangu siku ile mlipokuja watano na maandishi yenu. Watoto walikuwa sitini na wanane siku hiyo, na sikujua jina hata la mmoja. Nikaona wazazi wamekuja kuandamana. Tangu hapo mimi hupita lango la nyuma."

Wanawake wawili wakatazamana. Kache ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika dawati, na Mwalimu Janet, asiyejua kinachochekesha, akaanza kulia. Kache alimfuta machozi kwa ncha ya leso yake kama anavyowafuta wanawe.

"Hatukuja kuandamana, mwanangu," alimwambia. "Tulikuja kukusaidia. Wewe andika tu, sisi tutashika."

Hakuna aliyeamini kwamba ingekuwa rahisi, na haikuwa. Mistari ilirudi, lakini wawili kati ya wale akina mama walikuwa wameshapata vibarua Watamu. Zuleikha alishika mstari mmoja, na baba mmoja mwendesha bodaboda akashika mwingine, akichekwa na wenziwe mpaka nao wakazoea. Kwa kuwa Zuleikha alijua kusoma, walikubaliana achukue pia mrundo wa madaftari mara mbili kwa juma atie alama za hesabu rahisi, na Mwalimu Janet akapata nafasi ya kukaa na wale waliobaki nyuma. Mwezi wa Mei, mvua ilipopasua paa la gredi ya tatu, Jaafar alipanda juu na mafundi wenziwe wawili wa mjini wakalitengeneza, na alipoteremka akaulizwa langoni kama amesoma. Alisoma bila kuruka neno.

Tasneem alirudi na maswali yake. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa pili, na kugawanya kwa saba kulimshinda mwaka mzima. Lakini siku moja Zuleikha alimsikia uani akimsaidia mtoto wa jirani, akimwambia, "Si vibaya, soma tena polepole," na akaacha chungu chake kikaungua akisikiliza.

Muhula wa tatu ulipokwisha, kukawa na mkutano wa wazazi. Mwalimu Janet alisimama mbele ya watu, akasema kwamba mwezi wa pili alikuwa ameandika barua ya kuomba kuondoka, na kwamba hakuipeleka. Hakutaja sababu. Aliwatazama tu Kache na Zuleikha waliokuwa wameketi benchi la nyuma, na Kache akainamisha kichwa akashughulika na fundo la leso yake ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Walirudi pamoja kwa miguu. Waliagana njia panda. Zuleikha akasema, "Mama Mwaro, ahsante kwa kunionyesha nyumba ile."

"Nyumba nilikuonyesha kwa sababu nilitaka jirani anayejua kushona," alisema Kache. "Usinifanye malaika." Akaenda zake akicheka.

Nyumbani dari ya chumba cha tatu ilikuwa bado haijawekwa. Jaafar alikuwa kisimani anafunga kapi jipya, na Tasneem alikuwa anawaeleza kuku kitu kirefu. Zuleikha alitia udhu, akatandika msala wake ukumbini kati ya marobota ya kitambaa, akasali alasiri. Alipokwisha kutoa salamu alisujudu tena, akakaa hivyo, paji la uso chini, muda mrefu.

Alipoinuka, Jaafar alikuwa amesimama mlangoni na kamba mkononi.

"Nilidhani umesinzia," alisema.

"La," alisema Zuleikha, akikunja msala. "Leo nilikuwa na mengi ya kushukuru."